Programu za Bure na Wasifu wa Mzee Makokha

Kitu cha bure, jamani, kisikieni tu kwa jirani. Kikiingia kwenu ndipo mtajua kwamba bure nayo ina bei yake, ila hawaibandiki mlangoni. Muulizeni Cornelius Makokha, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye jumba moja refu la West Bay, mjini Doha. Wiki aliyofiwa na baba yake, badala ya kukaa akalia kama watu, aliimaliza akipigana na programu za kuandikia za kompyuta. Zote za bure, na zote zilimtoa jasho.

Cornelius hakuzaliwa mlinzi. Kabla ya Qatar alikaa miaka sita kwenye saiba ya dada mmoja aitwaye Terry, sokoni Kimilili, akichapia watu barua na fomu. Lakini kazi iliyomjengea jina ilikuwa wasifu wa marehemu. Mtu akifa kuanzia Kamukuywa hadi Chwele, jamaa zake walikuja na daftari lenye maandishi ya kupandana, na jioni wakaondoka na karatasi safi: picha ya marehemu mbele, kuzaliwa kwake, shule, ndoa, kazi, ugonjwa, na mwisho watoto wake kwa mpangilio, kila mmoja na mabano yanayosema anaishi wapi. Aliye Eldoret, Eldoret. Aliye Nairobi, Nairobi. Na aliye ng'ambo, hapo ndipo boma zima hunyoosha shingo.

Mgeni anaweza kudhani karatasi ile ni ya siku moja. Thubutu! Kwao Cornelius huwekwa sandukuni pamoja na hati ya shamba. Siku ya mirathi, watu wakikorofishana mbele ya chifu, hutolewa ikasomwa. Aliyemo ni mtoto wa mwenye boma. Asiyemo, aanze kutafuta mashahidi.

Sasa baba yake mwenyewe, Mzee Makokha, akafariki siku ya Jumapili. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Cornelius ndiye kifungua mimba, na kifungua mimba ndiye wa kwanza kutupa udongo kaburini baada ya padri. Jumatatu asubuhi, macho mekundu kwa zamu na kwa kilio, akaenda kwa meneja wao, ambaye wote humwita mudir, kuomba ruhusa.

"Kitambulisho chako cha ukaazi kimeisha na kipya hakijatoka," mudir akamwambia. "Ukitoka nchini sasa, hurudi. Ngoja wiki mbili."

"Baba yangu hawezi kungoja wiki mbili."

"Allah yerhamo, ndugu yangu," mudir akasema, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Jibu halikubadilika.

Basi akabanwa huku na huku. Akienda kumzika baba, kazi imekwenda, na kazi hiyo ndiyo inayosomesha wadogo zake wote. Asipokwenda, ataitwa maisha yake yote yule kifungua mimba ambaye baba yake alizikwa na wengine. Akampigia mama yake, Mama Roselyne, kwa laini ya kawaida, maana kule simu za WhatsApp hazipigiki, hupita maandishi na sauti za kurekodi tu.

"Mama, udongo sitautupa. Lakini wasifu niachieni mimi."

"Andika, baba," mama akasema. "Huo ndio utakuwa udongo wako."

Terry naye akakubali: amletee kufikia Alhamisi saa kumi jioni, achape nakala mia mbili. Cornelius akamwambia asihofu. Alikuwa ameandika wasifu wa watu zaidi ya mia tatu, atashindwa na wa baba yake? Ndivyo alivyosema, maskini.

Chumba chao kiko Al Rayyan, vitanda sita na dirisha moja. Mchana hubaki watu wawili: Cornelius, ambaye hulala mchana, na Nick, kijana wa Umoja, Nairobi, ambaye huhudumia wateja jioni kwenye mkahawa mmoja wa The Pearl. Nick alijua kila kitu, na asichokijua alikijua zaidi. Kompyuta yenyewe ilikuwa laptop ya mkono wa pili, Cornelius aliinunua kwa Mnepali aliyekuwa anarudi kwao. Bawaba moja ilikuwa imevunjika na kifuniko kilishikiliwa kwa raba ya kufungia sukumawiki, lakini ilikuwa yake.

Akaiwasha. Akafungua ile programu kubwa inayotumiwa na ofisi zote duniani. Ikafunguka vizuri, ikampa ukurasa mweupe, kisha ikamwekea mstari mwekundu juu: muda wa majaribio umekwisha, sasa utasoma tu, huandiki. Akabonyeza herufi ya kwanza ya jina la baba yake. Hakuna. Akabonyeza tena kwa nguvu, ungedhani ni mlango uliokwama.

"Buda, hiyo ni ya kulipia," Nick akasema kutoka kitandani. "Kuna ingine ya bure kabisa. Watu wazuri waliitengeneza wakaipeana tu."

Na kweli ilikuwa ya bure, haikuomba hata barua pepe. Ilichukua saa nzima kuingia, na ilipoingia laptop ikaanza kunguruma kama kinu cha posho. Lakini iliandika! Cornelius akashinda Jumatatu nzima bila usingizi. Akaweka picha ya mzee, ile aliyovaa koti la kahawia siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege. Akachora mpaka wa zambarau, akapanga nyimbo safu mbili. Saa tisa akamtumia Terry ajaribu kuifungua.

Terry akarudisha picha ya skrini yake. Mama yangu! Mpaka wa zambarau ulikuwa umekatika vipande, nyimbo zimeingiliana, na picha ya mzee imeruka kutoka ukurasa wa kwanza ikakaa juu ya wimbo wa kufunga ibada. "Huku kwangu inacheza chakacha," Terry akaandika. Nick akashauri aigeuze iwe ile aina ya faili isiyobadilika popote inapofunguliwa. Cornelius akabonyeza hapo. Laptop ikafikiri, ikafikiri, ikazima. Mara tatu aliiwasha na mara tatu ikazima pale pale.

Jumanne wakahamia kwenye simu. Programu ya tatu, bure, nyota nne na nusu. Hiyo nayo ilikuwa na tabia yake: kila baada ya aya mbili inasimama na kukuonyesha tangazo. Cornelius alikuwa ameandika kwamba marehemu aliugua figo tangu mwezi wa tatu, mara kipira kikaruka katikati ya skrini na mtu akamwambia kwa furaha abashiri mechi ya leo ashinde donge nono. Akangoja sekunde thelathini, machozi yakimlengalenga, kipira kikirukaruka. Na alipomaliza akakuta chini ya kila ukurasa programu imepiga muhuri wa jina lake. Ukitaka uondoke, lipa.

"Yaani baba yangu azikwe na tangazo!" akafoka. "Nick, hizi programu zako zina laana?"

"Mzee, si za kwangu. Mtaka cha mvunguni si ainame?"

"Nimeinama mpaka kiuno kimekatika!"

Jumatano asubuhi, alipotoka zamu, Nick akamletea ya nne, na hii ilikuwa mwisho wa maneno. Iko mtandaoni. Haingurumi, haizimi, haina tangazo. Unaandika Doha, Terry anaona Kimilili saa ile ile. Ikabidi Cornelius acheke. Kufikia saa tatu wasifu ulikuwa umekamilika, picha ikatulia mahali pake, zambarau ikang'aa.

Na hapa ndipo alipofanya kosa, tena kosa la mtu mwema. Programu ile ilimuuliza: unayempa linki hii, asome tu au aandike pia? Mtu wa mji angesema asome tu. Lakini Cornelius ni mtu wa Kimilili, na kwao kikao cha matanga hakina mlango. Yeyote aliyekuja kukaa, husema. Kumwambia mzee wa ukoo kwamba wasifu wa ndugu yake ni wa kutazama tu ni kumtukana mchana kweupe. Akaweka kwamba kila mtu aandike, akaitupa linki kwenye kundi la matanga lenye watu sitini na watatu, akalala.

Aliamka saa saba akakuta wasifu umegeuka soko. Shangazi mmoja ameongeza kwamba marehemu alipenda chai ya maziwa isiyo na tangawizi. Mwingine ameandika "poleni sana familia" katikati ya mwaka wa kuzaliwa. Kuna aliyeweka namba ya simu ya mwenye viti vya kukodisha. Cornelius akaanza kusafisha, akisonya, hana hasira kubwa. Mpaka alipofika kwenye watoto.

Mzee Makokha alikuwa na wake wawili. Nyumba ya kwanza ni ya Mama Roselyne: Cornelius, Benard na Milcah. Nyumba ya pili ni ya mama mmoja wa Kapsokwony, na watoto wake ni Phoebe, anayesomea uuguzi, na Collins, fundi wa kuchomelea vyuma. Mzee hakumficha mtu. Alikwenda huko mchana, kila mtu akiona, na karo za Phoebe zilikuwa zikitoka kwa Cornelius mwenyewe. Sasa Cornelius akatazama skrini na kuona kijistari cha kijani chenye jina la Dominiko kimesimama mwisho wa jina la Collins. Kikarudi nyuma, kikila herufi moja baada ya nyingine. Collins akaisha. Kikapanda, kikaanza kumla Phoebe.

Dominiko ni mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa matanga. Cornelius akayaandika upya yale majina. Yakaliwa. Akaandika tena. Yakaliwa tena, polepole, na aliyekuwa akiyala alijua anatazamwa. Ndipo sauti ikaingia kwenye simu.

"Cornelius mwanangu. Wewe uko mbali, mambo ya hapa huyajui. Shamba la babako ni lile lile ekari tatu. Nikiacha majina hayo kwenye karatasi, kesho watakuja nayo kwa chifu. Nalinda fungu lenu nyinyi. Tulia huko. Wasifu atausoma Benard, nishamwambia asome nitakachompa. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga hawakukosea."

Cornelius akafunga ile linki. Akaifunga kabisa, asiandike mtu. Haikupita dakika tatu, kundi likawaka moto. Nani amefunga? Anawafungia wazee? Ameenda Qatar akasahau kwamba na yeye ana kucha nyeusi za kulima kama sisi? Mzee mmoja wa miaka themanini, ambaye hajui hata kuandika, alirekodi sauti ya kulaani. Cornelius alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chini, kichwa kikigusa chuma cha kitanda cha juu, na hakuwa na pa kujigeuzia. Akaifungua tena. Kijistari cha kijani kikarudi kazini.

Kisha ikaja sauti ya Phoebe, fupi. "Kaka, tumeona tumefutwa. Mama amesema tusikusumbue. Mimi nauliza tu, siku hiyo tuje tukae wapi? Na waombolezaji au na majirani?"

Aliisikiliza mara moja tu. Hakuweza mara ya pili. Akampigia mama.

"Mama, Baba Mdogo anafuta watoto wa nyumba ile. Nifanye nini?"

Alisikia mama akivuta pumzi. Huyu alikuwa mke aliyeolewa kanisani, na miaka ishirini alikuwa amepika akijua sufuria ya pili iko jikoni kwingine. Cornelius alijua vizuri anamuuliza nani, na akaona haya.

"Usiniulize," Mama Roselyne akasema. "Ukiniuliza nitasema hapana, na nitakuwa nimesema ukweli wangu. Andika kabla hujaniuliza." Akakata simu.

Alhamisi alirudi kutoka zamu saa moja asubuhi akampigia Terry. Terry naye alikuwa na lake. Watu wa umeme wametangaza stima itapotea Kimilili nzima kuanzia saa tano, na haitarudi mpaka Jumamosi jioni. Wenye kuchapa wachape sasa. "Na babako mdogo anapita hapa kila saa," Terry akasema. "Anasema nichape ile ya mtandaoni, ameshaitengeneza."

"Usichape hiyo. Nakuletea nyingine."

Alibakiwa na saa tatu na kitu. Ile kubwa ya ofisi haiandiki. Ile ya watu wazuri inacheza chakacha kwa Terry. Ya simu ina muhuri. Ya mtandaoni ina mikono ya ukoo mzima. Nick akajikuna kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu waishi pamoja, akasema hajui.

"Hiyo ndogo je?" akauliza baadaye. "Ile ilikuja na mashine. Ile ya kuandikia namba za simu."

Iko hata sasa kwenye kila kompyuta ya aina ile, kipande cha karatasi tupu. Haijui mpaka wa zambarau. Haijui herufi nzito wala safu mbili. Picha haiingii hata ukiipigia magoti. Lakini ilifunguka kabla Cornelius hajaondoa kidole, haikuuliza lolote, haikutangaza mechi, na kilichoandikwa humo kingefunguka kwa Terry vile vile kilivyo. Na humo ndani hakuna mtu mwingine anayeweza kutia mkono.

Alikaa akiitazama picha ya mzee na koti lake la kahawia. Kuandika humu ni kumzika baba bila sura yake. Mashangazi watasema mtoto yuko Qatar na wasifu wa babake umetoka kama samansi. Kutoandika humu ni Phoebe akae na majirani. Akaumia, jamani, tusidanganyane, akaumia sana, kwa sababu picha ile ndiyo ya mwisho aliyompiga. Kisha akaifunga picha akaanza kuandika.

Alianzia kwa watoto, maana hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Akamwandika Phoebe kwanza, na mabano yake, Kisumu. Akamwandika Collins, Kapsokwony. Kisha Benard, kisha Milcah. Akawaandika wake wawili kwa majina yao ya ubatizo. Ndipo akarudi juu, kuzaliwa, shule, kazi ya ualimu, ugonjwa. Mkono ulikuwa ukikumbuka njia wenyewe, kama zamani pale saiba. Saa nne na nusu akamtumia Terry.

"Haina picha?" Terry akauliza.

"Haina."

"Nikiitafutia picha na kuipanga, stima itanikuta. Nichape ilivyo?"

"Chapa ilivyo."

Saa tano kasoro dakika tano, Terry akaandika: mia mbili, zimetoka, ziko kwenye katoni. Na kule mtandaoni, kijistari cha kijani cha Dominiko kilikuwa bado kinazunguka kwenye ile karatasi ya zambarau, kikilinda nyumba iliyokwisha kuhamwa. Nick akapiga makofi. Cornelius akavuta blanketi akalala usingizi wa kwanza wa juma zima.

Ijumaa mchana sauti ya Dominiko ikamwamsha. Alikuwa amekwenda kuchukua katoni, akakuta mambo. Kwanza alinguruma. Barua ya chifu ina mapambo kuliko hii! Ningekuwa na stima ningezichoma zote nichape upya! Na usidhani nitakaa nikate majina kwa biro karatasi mia mbili watu wakinitazama, unanitafutia aibu, mtoto mbaya wewe! Cornelius akatabasamu gizani chini ya blanketi. Kisha ile sauti ikashuka, ikawa na kicheko ndani yake.

"Lakini asante. Hebu hesabu watoto wa ndugu yangu."

Cornelius akafungua laptop, kifuniko kikaning'inia. Akahesabu. Phoebe, Collins, Benard, Milcah.

Akahesabu tena, akitumia kidole.

Karani, enyi watu, huandika wote akajisahau. Wasifu mia tatu alioandika, hata mmoja haukuwa na jina lake. Mkono wake haukujua njia ya kufika huko. Alikuwa amewatetea wote, akawarudisha wote, na yeye mwenyewe, kifungua mimba, hayumo.

"Safari hii hukufutwa na mtu," Dominiko akamalizia. "Si nilikwambia? Asiyekuwepo na lake halipo."

Faili lilikuwa wazi mbele yake. Kijistari kilisimama kikiwakawaka, kikingoja. Akaandika: Cornelius. Akafungua mabano, akaandika Qatar, akafunga mabano. Programu ile ndogo ikakubali mara moja, bila swali. Hiyo ndiyo iliyomkata maini. Angeweza kujiandika mara elfu pale kitandani Al Rayyan, na zile mia mbili ziko Kimilili ndani ya katoni, chini ya meza ya Dominiko, na hakuna stima. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa maneno gani? Saa kumi na nusu akapanda basi la kampuni kwenda West Bay, akasimama mlangoni mpaka asubuhi, akifungulia watu.

Jumamosi ikafika. Saa za Doha na saa za Kimilili ni zile zile, nalo hilo ni adhabu. Alijua saa ngapi wanateremsha jeneza kutoka kwenye gari. Alijua saa ngapi padri anafika. Alirudi chumbani saa moja, akaketi kitandani, akavua kiatu kimoja, na cha pili akakisahau mguuni. Nick alimwekea chai. Ikapoa.

Saa sita ikaja picha, bila maneno. Ilikuwa ile karatasi yake, kavu, haina sura wala mpaka. Lakini juu ya jina la Phoebe, mahali ambapo palibaki nafasi ndogo, mtu ameandika kwa biro ya bluu, herufi zimelala upande: Cornelius (Qatar). Ikafuata picha nyingine, karatasi nyingine, maandishi ya mkono mwingine: Cornelius (Qatar). Kisha sauti ya Phoebe, anahema.

"Kaka, ulijisahau! Nilipopewa yangu pale hemani nikatafuta jina lako kwanza. Nikamwonyesha Milcah. Akaenda dukani akanunua biro, tukakaa kwenye nyasi mimi na yeye na Collins, tumeandika zote. Baba Mdogo alikuja akasimama juu yetu. Watu wakamtazama. Akaondoka. Mkono unaniuma. Benard anaenda kusoma sasa, ngoja nikurekodie."

Saa saba na robo ikaingia. Cornelius aliishika simu kwa mikono miwili. Kelele za hema, mtoto analia, kipaza sauti kinapiga mluzi. Kisha Benard, huyo Benard ambaye tangu utotoni humwogopa Dominiko kuliko radi, akakohoa.

"Watoto wa marehemu. Wa kwanza ni Cornelius. Yuko Qatar." Karatasi ikachakarika, na Benard akaongeza neno ambalo halikuandikwa na biro wala na programu. "Ndiye aliyeandika wasifu huu. Wa pili..."

"Benard." Ilikuwa sauti ya Mama Roselyne, karibu sana, lazima alikuwa kiti cha mbele. "Hebu rudia hapo."

Benard akarudia. Kisha akaendelea, wa pili, wa tatu, akamtaja Phoebe, akamtaja Collins, na hakuna aliyemkatiza. Sauti ikaisha.

Nick alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta chaja. Cornelius hakumwona. Alikuwa ameketi na kiatu kimoja mguuni, kidole gumba juu ya skrini, na akairudisha ile sauti mwanzo.